Pale Baba Alipokuwa Akisahau

Mariabrunning, 4 Machi 1984

Roswitha mwanangu,

Salamu zetu zikukute mzima huko kwenye mvua yako ya kaskazini. Mimi shangazi yako nipo, ila goti la kushoto ndilo linalotaka kunizika kabla ya wakati. Baba yako hajambo. Mbwa amezeeka sana, siku hizi anawabwekea watu akiwa amelala, hajisumbui kuinuka. Dukani tumekaanga maandazi ya jemu tangu alfajiri, maana Jumatano hii ni ya Majivu, mfungo unaanza, na watu wa mji huu wanakula kama wanaopelekwa jela. Kaburi la mama yako bado liko chini ya theluji. Ikiyeyuka nitapanda yale maua ya manjano aliyokuwa akiyapenda.

Sasa sikiliza habari. Chama cha maigizo kimefanya mkutano wake wa mwaka pale hoteli ya Posta, ukumbini juu ya baa. Mikutano yetu unaijua, mazungumzo kidogo na bia nyingi. Mwenyekiti Ignaz, yule wa kiwanda cha mbao, akauliza safari ya chama mwaka huu iwe wapi. Mwaka jana Salzburg, mwaka juzi Salzburg, na mwaka ule mwingine tulipotea njia, tukaishia Salzburg. Baba yako akainuka. Jukwaani Quirin ana sauti ya fahali, lakini mkutanoni huongea na kifungo cha koti lake. Akakishika kifungo, akakiambia, "Mimi naona twende Hamburg. Binti yangu anaigiza huko." Akakaa, masikio mekundu kama figili. Hakuna aliyepinga!

Basi tunakuja wiki ya Pentekoste, basi zima, na nguo zetu za chama. Kile kipande cha gazeti ulichonitumia, kinachosema unawavunja watu mbavu kila jioni, nilimpa baba yako na sasa anatembea nacho mfukoni. Ila umekikata vibaya, mkasi umepita katikati ya sentensi, hatujui mchezo wenyewe unahusu nini. Unaigiza kama nani? Baba yako anataka kujua. Mwandikie mwenyewe, au niandikie mimi nimsomee, maana ninyi wawili mnaandikiana kama benki na mteja.

Mimi shangazi yako,
Walburga


Hamburg, 10 Aprili 1984

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kuchelewa, kazi imenibana. Mimi mzima, isipokuwa sauti imekauka kidogo. Chumba nilichohamia kina dirisha linalotazama ukuta, lakini ukuta wenyewe ni mzuri. Goti ulipake ile dawa ya farasi, najua unayo, usijifanye huna. Msalimie baba, mwambie asinyanyue magunia ya unga.

Kuhusu safari, nimefurahi sana. Ila nimewaza. Ukumbi wetu ni mdogo mno, Shangazi, na viti vyake ni vya mbao. Wazee watapata shida. Halafu ni vichekesho vya watu wa huku, wanaongea haraka, nusu ya mambo hamtayaelewa. Pentekoste pia mvua hunyesha. Mbona msiende Vienna? Vienna kuna kila kitu. Mwakani huenda nikapata nafasi kwenye mchezo mkubwa, wa maana, na hapo nitawaita mimi mwenyewe.

Ninayemwigiza ni mtu wa kawaida tu. Hakuna cha ajabu.

Roswitha wako


Mariabrunning, 29 Aprili 1984

Roswitha,

Marahaba. Pasaka imepita salama, mayai yamebarikiwa, padri alisahau mahubiri yake katikati na baba yako nusura ainuke amsaidie.

Viti vya mbao! Mtoto, sisi tumezaliwa kwenye viti vya mbao. Na tangu lini watu wa Mariabrunning wakaogopa mvua? Basi limeshakodiwa. Baba yako amenunua kofia mpya yenye unyoya mrefu. Anaivaa akinywa kahawa ili izoee kichwa, mimi nacheka mpaka natoka nje.

Naona barua yako imejaa sababu kama gunia la viazi. Sikuulizi. Lakini mimi ndiye niliyerithi shimo la mama yako mbele ya jukwaa. Nakaa humo chini na kitabu, nawanong'oneza waliokwama, na ukikaa humo unajifunza kumtambua mtu anayekwepa sentensi yake.

Walburga


Hamburg, 20 Mei 1984

Shikamoo Shangazi,

Haraka tu. Nimeuliza tiketi za wiki ile, zimekwisha zote. Nasikitika kweli. Tembeeni bandarini, pandeni meli ndogo, inapendeza. Jioni baada ya mchezo nitakuja tunywe kahawa wote pamoja, mkahawa uko mkabala na ukumbi. Mwambie baba asihuzunike.

R.


Mariabrunning, 24 Juni 1984

Roswitha,

Sisi wazima. Majani ya ng'ombe yamekatwa, nyuki wa Ignaz wamehama nyumba. Nimengoja hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa sana lakini karatasi inavumilia.

Tiketi zilikuwepo. Ignaz alikwenda dirishani kuuliza tu, kwa ubishi wake, na yule msichana akampa safu ya tatu yote. Baba yako alisema, "Rosi atashtuka kwa furaha." Basi tukaingia. Wanaume na kaptula zao za ngozi na soksi za kusuka, sisi na gauni zetu na aproni za hariri zilizopigwa pasi juu ya magoti ndani ya basi. Na ukumbi mzima ukatupigia makofi! Walidhani sisi ni sehemu ya mchezo. Baba yako alivua ile kofia akawainamia. Mama wee, aliinama kushoto, akainama kulia. Watu wakazidi kushangilia.

Halafu ukatoka wewe. Kaptula ya ngozi, masharubu ya kubandika, tumbo la kujazia mto. Mzee wa shamba anayeigiza kwenye chama cha kijijini, na hajui hata sentensi moja. Kila akifungua kinywa anakwama. Anakuna nyuma ya sikio. Anajikokota hadi kwenye shimo, anainama, kiganja sikioni, "Eh?" Anapewa maneno. Anasema, "Asante, mama." Kisha anayapiga yale maneno kwa sauti ya fahali, anatembea hatua chache, anakwama tena. Na kifungo, Roswitha. Hata kifungo cha koti hukukisahau.

Watu walicheka mpaka wakapiga viti. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa baba yako. Alijipiga mapaja, alisema "Loo! Loo!" hadi jirani zetu wakawa wanamtazama yeye. Wakati wa mapumziko alikunywa maji tu. Sehemu ya pili alicheka tena, lakini sasa ananitazama mimi kwanza, nikiwa nimetabasamu ndipo na yeye anacheka.

Mkahawani ulikuja umenawa uso, mweupe kama unga. Ignaz akakupongeza, wote wakakupongeza, maana tungefanya nini kingine? Baba yako akakuuliza, "Yule mzee umemtoa wapi?" Nawe ukamjibu, ukichezea kijiko, "Nimemtunga tu, baba." Akasema, "Umemtunga vizuri."

Nilikuwepo. Niliwatazama nyote wawili, na nilitamani sakafu ya mkahawa ule ipasuke nami niingie.

Njiani hakuna aliyeimba. Unajua sisi basini, hata tukienda mazishini tunaimba. Karibu na nyumbani baba yako alisema jambo moja tu, akitazama nje, "Kumbe ndivyo inavyoonekana."

Wiki iliyopita amepeleka masharubu yake na fimbo yake ya jukwaani kwa Ignaz. Amesema haigizi tena. Tangu ni kijana hajawahi kukosa mchezo wa Krismasi hata mmoja, sasa anasema mgongo unamuuma. Mgongo! Jana nimemwona amebeba ndama.

Walburga


Hamburg, 19 Julai 1984

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za kuanzia, naanza tu.

Naona haya. Nikiwa nanawa naona haya, nikipanda treni naona haya, nikisikia mtu anacheka barabarani nadhani ananicheka mimi, na ana haki. Nilipowaona safu ya tatu nilijua sasa nimekwisha. Ningeweza kubadilisha. Ningeweza kucheza yule mzee vingine, kumnyang'anya lile "asante, mama" angalau. Sikubadilisha. Nilimaliza kila kitu, tena kwa nguvu zaidi, maana nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa nachekesha.

Lakini Shangazi, niruhusu niseme na langu. Unakumbuka Krismasi ile niliyokuja, mama akiwa hai? Ndiyo mara pekee nilipopata likizo tangu niondoke. Nilimletea skafu. Akaiweka mezani, hakuniambia hata neno. Kutwa nzima nilizunguka naye jikoni nikimsimulia mambo ya shule yetu ya uigizaji, naye ananitazama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Nikajua hajanisamehe kwa kuondoka. Halafu usiku wa mchezo akaingia shimoni, na ghafla ana sauti! Safi kabisa, sentensi kwa sentensi, anawapa ninyi nyote. Mimi mwanawe hana neno la kunipa, na ninyi mnagawiwa bure, kwa kuwa hamkujisumbua kujifunza. Baba anakwama, anainama, "Eh?", "Asante, mama", ukumbi unaangua kicheko. Nilikaa pale naona aibu kwa ajili yenu, na nina uchungu. Niliondoka kesho yake asubuhi, si mnakumbuka.

Nilipofika hapa nilianza kumwigiza baba kwa wenzangu. Nilitaka niwasikie wakicheka ili iniume kidogo tu. Walicheka sana. Ikaanzia hapo.

Mwambie baba arudi jukwaani. Sijui mwambie nini. Mwambie tu.

Rosi


Mariabrunning, 15 Agosti 1984

Rosi mwanangu,

Leo ni sikukuu ya Bikira, tumebariki mashada ya majani ya dawa, nyumba nzima inanukia. Baba yako amekwenda kumpelekea mama yako shada lake kaburini. Ndiyo nafasi niliyopata ya kuandika, kwa sababu haya ninayoandika sijaruhusiwa.

Mama yako hakukukasirikia. Mama yako hakujua wewe ni nani.

Soma taratibu. Ilianza vuli ile ile uliyoondoka. Kwanza majina. Kisha akaja dukani kwangu, mimi wifi yake niliyekula naye kila Jumapili, akaniita "bibi" na kuniuliza kama mkate unauzwa. Kisha maneno yenyewe yakaanza kumkimbia. Anaanza kusema, anasimama katikati, anatazama mikono yake. Mwisho akaacha kujaribu. Wiki zinapita nyumbani kwenu hakuna sauti ila ya baba yako na ya redio. Daktari alisema ni akili inayozeeka kabla ya mwili, hakuna dawa.

Baba yako akasema, "Rosi asiambiwe. Ataacha shule arudi, halafu atatuchukia wote." Hiyo ni sababu moja. Ya pili hakuisema ila niliiona. Alikuwa akifunga mapazia mchana. Alikuwa anaona haya watu wasimwone Afra wake, aliyekuwa na ulimi kuliko mji mzima, amekaa kama mgeni kwenye kiti chake mwenyewe. Nami nikanyamaza. Hata msibani tukakuambia ni moyo, na ukaondoka kwa treni ya jioni.

Sasa ya shimo. Mazoezi yalipoanza baba yako hakuweza kumwacha mama yako nyumbani peke yake, akaja naye. Kwa mazoea Afra akashuka shimoni, akafungua kitabu. Hatukujali, akae tu hapo palipo na joto. Kisha Ignaz akasahau sentensi yake, kweli kabisa, maana yule kichwa chake ni mbao tupu. Na kutoka chini ikaja sauti ya mama yako. Sentensi nzima! Na utani wake ndani yake, na pumzi mahali pake. Tulisimama kama nguzo. Kumbe kusoma kulikuwa hakujamtoka. Mtu akinyamaza juu, yeye chini anasoma, kama alivyofanya miaka yote.

Baba yako alikuwa anafuata kusema. Baba yako, anayejua sentensi zake na za wengine wote, hata za ng'ombe kama ng'ombe angekuwa nazo. Akafungua kinywa akafunga. Akaenda shimoni akainama, "Eh?" Afra akampa. Naye akasema, "Asante, mama."

Basi na mimi nikasahau. Akasahau na muuza nyama. Hatukukubaliana, hakuna aliyepiga kura, chama kizima tukaanza kusahau. Majira mawili ya baridi tulikuwa waigizaji wabovu kuliko wote Bavaria ya Juu, na ukumbi ulikuwa unajua, Rosi. Ndiyo maana walicheka vile. Walikuwa wanacheka ili yeye asikie watu wanafurahi. Baba yako alichagua mwenyewe pa kusahau. Alichagua sentensi nzuri. Zile za mume kumwuliza mkewe, ili kwanza azisikie kwa sauti ya mama yako. Nyumbani walikuwa hawana tena la kusemezana, kwa hiyo walizungumza pale, mbele yetu sote, kwa maneno ya kitabu cha vichekesho.

Alipofariki nikaingia mimi shimoni. Nilidhani ataacha. Hakuacha. Akifika mahali palepale anasimama, anainama, namnong'oneza, anasema "Asante, mama" kwangu mimi dada yake. Nami sikumcheka. Nilikuwa nasubiri kidogo kabla ya kumpa, ili akae pale.

Hicho ndicho ulichokionyesha Hamburg. Hukujua, najua hukujua. Tungekuambia. Aibu hii tumeipika pamoja, usidhani unaila peke yako.

Shangazi yako


Hamburg, 7 Oktoba 1984

Shangazi,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana.

Nilikwenda kwa mkurugenzi wetu nikamwambia yule mzee nataka aondolewe. Akaniuliza kwa nini. Nikasema ni mambo ya nyumbani. Akasema, "Lakini watu wanakuja kwa ajili yake, bila yule mzee huna mchezo." Nikasema basi nakataa. Akasema mkataba ni hadi Krismasi, chagua. Nami mwishowe sikukataa. Jua hilo, Shangazi. Nilirudi chumbani kwangu nikajiambia mimi ni mwajiriwa tu, na kesho yake nikabandika masharubu.

Nilidhani mwili utagoma. Nilidhani nikifika pale pa kuinama sauti haitatoka. Ilitoka. Niliinama, nikasema "Asante, mama", na watu wakapasuka, na mimi nikafurahi. Unanisikia? Kwa kitambo kidogo nilifurahi jinsi walivyocheka, huku najua kila kitu. Kisha haya ikanifuata hadi nyuma ya mapazia. Lakini furaha ilitangulia. Sijui nitaiweka wapi hiyo.

Nahesabu maonyesho yaliyobaki. Mkataba mpya wameniletea, sijautia sahihi na sitautia.

Siku ya Stefano, kesho yake ya Krismasi, ninakuja kwenye mchezo wenu. Nitamwambia baba mwenyewe, kwa kinywa changu, kwamba najua, na namwomba anisamehe. Usimwambie lolote, nakuomba, nataka iwe mimi. Ila mshawishi aigize. Nimwone akisimama pale, nami nijue anachofanya. Nataka kucheka pamoja na ukumbi, mara moja, inavyotakiwa.

Rosi


Mariabrunning, 25 Novemba 1984

Rosi,

Theluji ya kwanza imeanguka. Goti lilinitabiria.

Mshangao! Sikumshawishi wala nini. Quirin mwenyewe amekwenda kwa Ignaz, ameomba masharubu yake. Atacheza yule mkulima anayemtafutia binti mchumba, sentensi nyingi kuliko wote. Lakini haji mazoezini na sisi ila mara mojamoja. Amejifungia bandani, anajifunza na ng'ombe. Ukipita unamsikia, anarudia, anarudia. Nilimwuliza, "Quirin, kwani wewe hujui mchezo huu tangu Vita?" Akaniambia nijali mikate yangu.

Sikumwambia kwamba unakuja. Nimekuwekea kiti karibu na jiko la moto, wapo wanaokitaka na nimewafukuza.

Walburga


München, stesheni, 27 Desemba 1984

Shangazi,

Shikamoo. Umeona kiti kitupu, na umenilaani. Nilikuja.

Treni ilichelewa kwa ajili ya theluji. Nilipopanda ngazi za Posta mlikuwa mmeshaanza, nikasimama nyuma kwenye makoti, nikifikiri nitaingia pazia likifungwa. Baba alikuwa jukwaani. Nikaona anafika pale pa kwanza, pale anapomwuliza mkewe kama binti ataolewa au hataolewa. Nilishika koti la mtu kwa mikono miwili. Hakusimama, Shangazi. Aliuliza, akapokea jibu, akaendelea. Pa pili akapita. Pa tatu akapita. Hakuna hata mara moja aliyotazama shimo. Hakukuna sikio. Mikono kaiweka mbali na kifungo, nilimwona akiikumbusha. Alikuwa mzuri. Alicheza kama sisi tunavyofundishwa. Na watu kwenye viti walikaa kimya, wanamtazama kwa heshima.

Nilitaka kupiga kelele asahau.

Nikatoka kabla taa hazijawashwa. Nilijiambia nitangoja mlangoni. Kisha nikajikuta barabara ya stesheni. Ningemwambia nini? Kwamba ilikuwa bora zaidi kabla sijaiharibu? Nimelala hapa kwenye benchi, na sasa sijui nipande treni ipi. Usimwambie kwamba nilikuwepo.

Rosi


Mariabrunning, 6 Januari 1985

Rosi mwanangu,

Watoto waliovaa kama Wafalme Watatu wamepita leo na chaki, wameandika baraka juu ya mlango wako wa nyumbani na wangu. Mwaka mwema.

Sikukulaani. Shimoni mtu haoni watu, anaona jukwaa na miguu. Nilikaa humo jioni nzima kidole kwenye mstari, na kila tulipofika mahali pake nikavuta pumzi, tayari kumpa, naye akanipita. Mwisho nikafunga kitabu. Hakuna aliyenihitaji.

Watu walipiga makofi ya adabu. Ignaz akampiga bega, "Quirin, bwana, umekuwa mwigizaji wa Hamburg!" Hakuwa na nia mbaya, kichwa mbao. Wakashuka wote baa. Nilimkuta baba yako nyuma, kwenye lile benchi la kubadilishia viatu, rangi bado usoni, amechoka kama aliyepakua gari la mawe. Nikakaa kando yake. Uliniomba nisiseme, na sikusema, ingawa ulimi uliniwasha. Mradi hujapanda treni ya mbali mno, hiyo ni kazi yako, na bado inakungoja.

Nikamwambia tu, "Umecheza vizuri."

Akaanza kujibandua masharubu, taratibu, upande mmoja. Akasema, "Mwandikie Rosi. Mwambie sikusahau hata neno." Kisha akabandua upande wa pili. "Mwambie akitaka kuja na wenzake wa Hamburg, sasa anaweza. Sitamwaibisha tena."

Walburga